W21×48 na W21×50: kusoma majina ya boriti za chuma kabla ya mtihani wa leseni

Kwenye mitihani ya NCEES, baraza la Marekani linaloandaa mitihani ya leseni za uhandisi, yaani FE kwa wanaoanza safari ya uhandisi na PE kwa wanaotafuta leseni kamili, jina kama W18×50 huwekwa ndani ya swali bila maelezo. Mtunga swali anachukulia kwamba mtahiniwa analijua, na wengi kweli wanalijua nusu: W ni aina ya umbo, 18 ni kina, 50 ni uzito. Nusu hiyo ndiyo inayowaponza, kwa sababu inawapa ujasiri wa kukisia yale ambayo jina halisemi.

Jina la boriti linabeba vipimo viwili tu, na kimoja kati ya hivyo ni cha kukadiria. Upana wa flanji (bamba za juu na chini), unene wa webu (bamba la wima linaloziunganisha), ukinzani dhidi ya kupinda na umbali ambao boriti inaweza kukaa bila kushikiliwa pembeni, vyote hivyo viko kwenye majedwali ya AISC, taasisi ya Marekani ya ujenzi wa chuma, na havipandi kwa utaratibu kadiri namba za jina zinavyopanda. W21×48 ni nyepesi kuliko W21×50, lakini flanji yake ni pana zaidi kwa zaidi ya inchi moja na nusu, na kuna hali za kawaida kabisa ambamo inabeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake mzito. Asiyejua hilo atachagua jibu lisilo sahihi huku hesabu zake zote zikiwa safi.

Namba mbili na zinachosema

W ni umbo la herufi I lenye flanji pana, ambazo nyuso zake za ndani na za nje ziko sambamba. Namba ya kwanza ni kina cha takriban, kwa inchi, kutoka juu ya flanji ya juu hadi chini ya flanji ya chini. Namba ya pili ni uzito kwa pauni kwa kila futi moja ya urefu. Kwa hiyo W18×50 yenye urefu wa futi 30 ina uzito wa pauni 1,500. Ukiingiza uzito huo kwenye hesabu za mzigo wa kudumu, ugeuze kwanza kuwa kipu, yaani pauni 1,000: ni kipu 0.050 kwa futi. Kuna majibu ya uongo yanayotengenezwa makusudi kwa ajili ya mtu aliyeandika 50 mahali pa 0.050, au aliyesahau uzito wa boriti yenyewe pale swali liliposema wazi kwamba haujajumuishwa.

Namba ya uzito ina siri nyingine yenye faida. Chuma kina uzito wa pauni 490 kwa futi moja ya ujazo, kwa hiyo kipande chenye eneo la inchi 1 ya mraba na urefu wa futi 1 kina uzito wa pauni 3.4. Gawanya namba ya pili kwa 3.4 na utapata eneo la mkato. Kwa W18×50, 50 ÷ 3.4 ni 14.7, na jedwali linasema 14.7. Kwa W14×22 unapata 6.47, na jedwali linasema 6.49. Njia hii inafaa sana kuhakiki kwamba umesoma mstari sahihi: kama eneo ulilolichukua halikaribiani na uzito uliogawanywa kwa 3.4, jicho limeteleza mstari mmoja juu au chini.

Hapo pia ndipo unapoona kwamba uzito peke yake hauelezi nguvu. Chukua boriti nne zenye uzito uleule wa pauni 50 kwa futi: W12×50, W16×50, W18×50 na W21×50. Eneo la mkato wa kila moja ni inchi za mraba 14.6 au 14.7, yaani chuma ni kilekile. Lakini momenti ya inesha Ix, kipimo cha ugumu dhidi ya kupinda, inatoka 391 kwa W12, inapanda hadi 659, kisha 800, na kufika 984 kwa W21. Moduli plastiki Zx, kipimo cha nguvu ya kupinda, nayo inakwenda 71.9, 92.0, 101 na 110. Chuma kilekile kikisogezwa mbali na katikati, ugumu wa boriti unazidi mara mbili na nusu. Ndiyo maana boriti za sakafu huwa na kina kirefu na umbo jembamba, na ndiyo maana swali linaloomba "boriti nyepesi kuliko zote inayofaa" karibu kila mara linakupeleka kwenye W16, W18, W21 au W24, si W10 wala W12.

Kina cha jina si kina cha kweli

W14×90 ina kina cha inchi 14.0. W14×22 ina 13.7. W14×730 ina inchi 22.4. Zote ni W14.

Sababu iko kiwandani. Boriti hupitishwa ikiwa moto kati ya rola, na rola zinazounda sehemu ya ndani ya umbo, ile nafasi kati ya flanji mbili, hubaki zilezile kwa familia nzima. Ili kupata boriti nzito zaidi, nafasi kati ya rola hupanuliwa ili flanji na webu ziwe nene. Unene wa flanji unaongezeka kuelekea nje, kwa hiyo kina kinakua huku jina likibaki na namba ileile. Unaweza kulithibitisha mwenyewe. Flanji ya W14×90 ina unene wa inchi 0.710, toa unene wa flanji mbili kwenye kina cha 14.0 na utabaki na 12.58. Flanji ya W14×730 ina unene wa inchi 4.91, toa mbili kwenye 22.4 na utabaki na 12.58. Nafasi ya ndani haikubadilika.

Kwenye mtihani jambo hili hutokea kwa sura ya swali la nafasi: dari inaruhusu kina kisichozidi inchi 18, chagua boriti. W18×40 ina kina cha 17.9 na W18×50 ina 18.0, basi zote mbili zinafaa. W18×55 ina 18.1 na W18×71 ina 18.5, kwa hiyo hazifai, ingawa jina lao linaanza na 18. Swali la namna hii halihitaji fomula yoyote, na wapo wanaolikosa.

Jambo dogo linalohusiana na hili: jedwali la AISC linatoa vipimo mara mbili, kwa desimali na kwa sehemu. Desimali ni za hesabu. Sehemu ni za wachoraji wa michoro ya kiwandani. Umbali k, kutoka uso wa nje wa flanji hadi mwisho wa mviringo unaounganisha flanji na webu, nao una thamani mbili, na hapo tofauti ni kubwa. kdes ni ndogo na ndiyo ya kutumia unapohakiki webu chini ya mzigo uliokusanyika sehemu moja. kdet ni kubwa, ya kuhakikisha kwamba bamba au bolti haigongani na mviringo huo. Ukitumia kubwa kwenye hesabu ya nguvu, unaipa webu uwezo isio nao.

Mfano mmoja, hadi mwisho

Boriti ya kawaida iliyoegemezwa ncha zote mbili ina urefu wa futi 30. Mzigo wa kudumu ni kipu 0.75 kwa futi, uzito wa boriti ukiwa ndani yake. Mzigo wa matumizi ni kipu 1.0 kwa futi. Chuma ni cha daraja A992, chenye Fy (mkazo ambao chuma huanza kuharibika umbo moja kwa moja) ya 50 ksi, yaani kipu 50 kwa inchi ya mraba. Flanji ya juu imeshikiliwa na sakafu kwa urefu wote. Mnepo, yaani kushuka kwa boriti katikati, kutokana na mzigo wa matumizi usizidi urefu uliogawanywa kwa 360. Tafuta W nyepesi kuliko zote.

Kwa LRFD, njia inayozidisha mizigo kwa vigezo vya usalama, mzigo ni 1.2 × 0.75 + 1.6 × 1.0 = kipu 2.5 kwa futi. Momenti ni 2.5 × 30² ÷ 8 = 281 kipu-futi. Moduli Zx inayohitajika ni 281.25 × 12 ÷ (0.9 × 50) = 75.0 inchi za ujazo.

Sasa nenda Jedwali 3-2 la kitabu cha AISC, ambalo limepanga maumbo ya W kwa Zx kutoka kubwa kwenda ndogo, kwa makundi. Juu ya kila kundi kuna jina lililokolezwa wino: hilo ndilo jepesi kuliko yote yaliyo juu yake na yaliyomo ndani ya kundi lake. Ukitafuta 75.0 kutoka chini unakutana na W12×53 yenye 77.9, W14×48 yenye 78.4, na juu yao W18×40 iliyokolezwa, nayo ina 78.4. Uwezo wake ni 294 kipu-futi, unaozidi 281. Kwa nguvu peke yake, jibu ni W18×40. Mtahiniwa wa haraka anaweka alama hapo na kuendelea.

Mnepo unaoruhusiwa ni inchi 360 ÷ 360, yaani inchi 1.0. Mnepo wenyewe ni 5wL⁴ ÷ 384EI, ambamo w ni 1.0 ÷ 12 kipu kwa inchi, L ni inchi 360 na E, ugumu wa chuma chenyewe, ni 29,000 ksi. Ukikusanya namba zote, unabaki na 628 ÷ I. W18×40 ina Ix ya 612, hivyo mnepo wake ni inchi 1.03. Imeshindwa kwa nywele, na mtunga swali alijua. W14×48 ingenepa inchi 1.30, na W12×53, iliyo nzito zaidi ya zote tatu, ingenepa inchi 1.48.

Kinachotakiwa basi ni Ix ya angalau 628. W16×45 ina 586, haitoshi. W18×46 ina 712, inatosha. Lakini W21×44 ina 843 na ni nyepesi kwa pauni mbili. Mnepo wake ni inchi 0.75, uwezo wake ni 358 kipu-futi, na uwezo wake wa mkato ni kipu 217 wakati mzigo wa mkato kwenye egemeo ni kipu 37.5 tu. Jibu ni W21×44.

Jedwali 3-2 lina safu mbili za uwezo zilizokaa bega kwa bega, ya ASD (njia ya mizigo isiyozidishwa) na ya LRFD. Kwa W18×40 ni 196 na 294. Ukichanganya mizigo ya mtindo mmoja na safu ya mtindo mwingine, unakosea kwa nusu nzima. Soma kichwa cha safu kila mara, hata kama umeshasoma mara ishirini siku hiyo.

Ondoa sakafu, na majina yanabadilika maana

Tuchukue boriti ileile, mizigo ileile, ila sasa flanji ya juu imeshikiliwa kila baada ya futi 10 tu. Boriti ya W ikipinda, flanji yake ya juu inasukumwa kama nguzo. Isiposhikiliwa, itatafuta kukimbilia pembeni huku boriti nzima ikijisokota. Kinachozuia hilo ni upana wa flanji zaidi ya kitu kingine, na jina la boriti halisemi lolote kuhusu upana wa flanji.

Kipimo cha kuangalia jedwalini ni ry, kinachoonyesha jinsi chuma kilivyosambaa kushoto na kulia kwa webu. Kutokana nacho unapata Lp, urefu wa mwisho ambao boriti inaweza kukaa bila kushikiliwa na bado ikatoa uwezo wake wote. Kwa chuma cha 50 ksi, ni 1.76 × ry × mzizi wa 29,000 ÷ 50. W21×44 ina ry ya 1.26, hivyo Lp yake ni futi 4.45. Baada ya hapo uwezo unashuka kwa mstari ulionyooka, na kasi ya kushuka ni ile namba inayoitwa BF jedwalini: kwa W21×44 ni kipu 16.8 kwa kila futi inayozidi. Kwa futi 10, uwezo ni 358 − 16.8 × 5.55 = 265 kipu-futi. Tunahitaji 281. Boriti iliyoshinda muda mfupi uliopita sasa imeanguka. Hapa nimechukua Cb, kigezo cha umbo la mchoro wa momenti, kuwa 1.0, na kwa kipande cha katikati cha boriti hii tofauti na thamani halisi ni ndogo sana.

Hatua ya kawaida ni kupanda hadi boriti nzito inayofuata ya W21. Hapo ndipo penye mtego. W21×50 ina Zx ya 110, flanji ya upana wa inchi 6.53 na ry ya 1.30. W21×48 ina Zx ya 107, flanji ya inchi 8.14 na ry ya 1.66. Kwa futi 10, W21×50 inatoa 413 − 18.3 × 5.41, yaani 314 kipu-futi. W21×48 inatoa 398 − 14.8 × 3.91, yaani 340. Ile nyepesi inaishinda nzito kwa kipu-futi 26, na ndiyo jibu la swali: inazidi 281, na Ix yake ya 959 inamaliza suala la mnepo.

Sababu ni kwamba W21 si familia moja. W21×44, ×50 na ×57 zina flanji ya karibu inchi 6.5. W21×48, ×55, ×62, ×68, ×73, ×83 na ×93 zina flanji ya kama inchi 8.25. Kuanzia W21×101 flanji inaruka hadi inchi 12.3. Ukipanga majina kwa uzito, familia hizi zinaingiliana, na jina halikupi dalili yoyote kwamba umeruka kutoka moja kwenda nyingine. Kwa anayesoma kwa bidii, zoezi bora kuliko kukariri ni kupita safu ya bf (upana wa flanji) kwenye Jedwali 1-1 na kuweka mstari kila mahali upana unaporuka. Fanya hivyo kwa W12, W14, W16, W18, W21 na W24, na jedwali litaanza kueleweka.

W21×48 ina jambo lake jingine. Kwa Zx ya 107, hesabu ya moja kwa moja ingetoa 0.9 × 50 × 107 ÷ 12 = 401, lakini jedwali linasema 398. Flanji yake ni pana mno kwa unene wake: nusu ya upana ikigawanywa kwa unene ni 9.47, na kikomo cha chuma cha 50 ksi ni 9.15. Flanji inaweza kujikunja kidogo kabla boriti haijafika uwezo wake kamili. Kwenye Jedwali 1-1 boriti kama hizo zina herufi ndogo f pembeni ya jina. Herufi c inamaanisha kwamba umbo lina sehemu nyembamba mno likitumika kama nguzo, na boriti nyingi za kina kirefu zinayo. Herufi v inahusu webu nyembamba kwenye hesabu ya mkato, ambapo kigezo kinashuka kutoka 1.00 hadi 0.90, W24×55 ni mfano. Herufi hizi ni ndogo na zimejibanza, lakini kila moja inabadilisha fomula.

Kwa nguzo, kuruka kwa familia kunaonekana zaidi. W14×82 na W14×90 zimetofautiana kwa pauni nane tu kwa futi. Flanji ya kwanza ni inchi 10.1 na ry ni 2.48, ya pili ni inchi 14.5 na ry ni 3.70. Kwa urefu fanisi wa futi 20, W14×82 inabeba takriban kipu 540 na W14×90 takriban kipu 870. Uzito umeongezeka kwa asilimia kumi, uwezo kwa asilimia sitini.

Herufi nyingine

S ni boriti ya I ya mtindo wa zamani, yenye flanji nyembamba ambazo upande wa ndani umeinama kwa mteremko wa 1 kwa 6. Jina linasomwa kama la W, lakini usibadilishane nalo. S12×50 ina flanji ya inchi 5.48 na webu nene ya 0.687, na Ix yake ni kama 300, wakati W12×50 ina 391. HP ni nguzo za kupigiliwa ardhini: kina na upana vinakaribiana, na unene wa webu na flanji ni mmoja. HP14×73 ina 0.505 kwa zote mbili. M ni maumbo yasiyoingia kwenye makundi ya W, S wala HP. C ni chaneli, na namba zake ni kina na uzito pia, mara nyingi kwa desimali, kama C10×15.3, MC ni chaneli zisizofuata vipimo vya C.

WT ni W iliyokatwa katikati ya webu. Namba zote mbili zinagawanywa kwa mbili: W18×50 inatoa WT9×25 mbili.

Anglaini, yaani L, ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu namba ya mwisho si uzito. L6×4×1/2 ina mguu mrefu wa inchi 6, mfupi wa inchi 4, na unene wa nusu inchi. Eneo lake ni (6 + 4 − 0.5) × 0.5 = 4.75. Zidisha kwa 3.4 na utapata uzito wa pauni 16.2 kwa futi.

HSS, mabomba ya mraba, mstatili na duara, nayo huitwa kwa vipimo vya nje na unene wa ukuta. Hapa kuna kosa la kiufundi linalostahili umakini. Viwango vya utengenezaji vya A500 vinaruhusu ukuta kuwa mwembamba kuliko jina, kwa hiyo hesabu hutumia asilimia 93 ya unene ulioandikwa. HSS6×6×1/2 ya A500 huhesabiwa kwa ukuta wa inchi 0.465, na eneo lake jedwalini ni 9.74. Ukichora mraba wa 6 na kutoa mraba wa 5 unapata 11.0, yaani umejipa chuma cha ziada cha asilimia 13 ambacho hakipo. Kwa A1085 unene kamili unatumika. Bomba la kawaida, Pipe, lina mtego wake: Pipe 6 Std ina kipenyo cha nje cha inchi 6.625, si 6.

Pamoja na jina la umbo, soma daraja la chuma kabla ya kugusa kikokotozi. A992 ni 50 ksi, A36 ni 36 ksi, A53 Daraja B ni 35 ksi, na A500 hutofautiana kwa daraja na kwa toleo la kiwango. Jedwali 3-2 limejengwa juu ya 50 ksi. Kwa mfano wetu, chuma cha 36 ksi kingehitaji Zx ya 104 badala ya 75, na safu za uwezo zilizochapwa zingekudanganya.

Mbele ya skrini

FE ina maswali 110 kwa saa 5 na dakika 20, chini ya dakika tatu kwa swali. PE ya ujenzi ina maswali 80 kwa saa 8, dakika sita kwa swali. Vitabu vya rejea viko kwenye skrini, na huruhusiwi kuingia na chako. Kijitabu cha FE kina sehemu ndogo ya jedwali la W na jedwali la kuchagua kwa Zx, kwa hiyo fanya mazoezi kwa kijitabu hichohicho, si kwa kitabu kamili cha AISC. Kwa PE ya miundo, angalia kwenye orodha ya NCEES ni toleo gani la AISC linalotumika kwa tarehe yako, kwani namba za majedwali huhama kutoka toleo hadi toleo.

Kutafuta kwa maneno kuna kikwazo. Kwenye Jedwali 1-1 la AISC, jina kamili huandikwa kwa boriti ya kwanza ya kundi tu. Zinazofuata zimeandikwa ×106, ×97 na kuendelea. Ukiandika W18×50 kwenye kisanduku cha kutafuta, huenda usifike kwenye mstari unaoutaka. Kilicho cha haraka ni kujua namba za majedwali: 1-1 kwa vipimo, 3-2 kwa Zx, 3-3 kwa Ix, 3-10 kwa michoro ya boriti zisizoshikiliwa, 4-1 kwa nguzo. Jedwali 1-1 limegawanywa kurasa mbili zinazotazamana, vipimo kushoto na sifa kulia, na kwenye skrini moja jicho hupoteza mstari linapovuka. Tumia ile hesabu ya 3.4 kujihakiki, na hakikisha umechukua Zx na si Sx, Ix na si Iy, kwa sababu zimepangana.

Mifumo mingine kwa ufupi

Swali likitumia vipimo vya metriki, W18×50 huwa W460×74: kina kwa milimita na uzito kwa kilo kwa mita. Zidisha pauni kwa futi kwa 1.488 na utapata kilo kwa mita. Uingereza huandika namba tatu, kama 457×191×67: kina cha jina, upana wa jina, kilo kwa mita. Upana unaonekana kwenye jina, na hilo ni jambo zuri, ingawa vipimo halisi vya boriti hiyo ni 453.4 kwa 189.9.

Majina ya IPE na HE ya Ulaya hayana uzito kabisa. IPE 300 ina kina cha milimita 300 na upana wa 150, kilo 42.2 kwa mita. HEB 300 ni 300 kwa 300, kilo 117. HEA 300, ile nyepesi, ina kina cha 290, na HEM 300, ile nzito, ina 340. Mhandisi aliyezoea mfumo huo akifika kwenye mtihani wa Marekani huwa na mwelekeo wa kuiamini namba ya kwanza kama kipimo cha kweli, wakati kwa W namba hiyo hutumika kutafuta kundi tu, na kina cha kweli kiko kwenye safu ya d.